Sentensi ya Chumba cha Saba

4 Februari

Mpwa wangu mpenzi,

Anayekuandikia barua hii ni mtu ambaye akikohoa tu, shule nzima inafunguliwa au inafungwa. Sijisifu. Nina funguo thelathini na nne kiunoni, na ofisa elimu mwenyewe alipokuja mwaka jana alisimama getini juani, na tai yake shingoni, akinisubiri mimi nimalize chai. Aliniambia bila mimi majengo haya yangekuwa yameshalala chini. Nikamwambia najua.

Huku hatujambo. Mkaza mjomba wako jino la nyuma limemvuruga wiki nzima, akiongea anashika shavu, kwa hiyo nyumba imetulia. Bibi yako yuko vilevile: anauliza habari zako asubuhi, akijibiwa anauliza tena mchana. Kuku wawili wamepotea. Nyayo nilizoziona si za mnyama wa kawaida, lakini hiyo nitakueleza siku nyingine.

Barua yako ya Januari ilifika. Kumbe umeandika insha ya kurasa nane, na huyo mhadhiri wenu mnayemwita Mkasi akairudisha na swali moja la wino mwekundu: hoja yako iko wapi? Nimemshangaa. Kurasa nane zote hakuziona? Mimi nilimaliza la saba nikiwa wa kwanza kati ya mia mbili, na insha yangu ilimliza msahihishaji. Sasa nikupe siri. Usiseme mapema unachotaka kusema. Msomaji mzungushe kwanza. Msalimie, mweleze hali ya hewa, mtajie wakubwa, na mwisho kabisa ndipo umtupie neno lako. Hapo ameshachoka, hawezi kubisha. Ukifuata hayo, nani atakuondoa kwenye kozi? Ualimu utaupata kama mama yako alivyoupata.

Jambo jingine ni dogo tu. Unajua chumba cha saba hakitumiki tangu mambo yale ya mama yako. Upande ulioanguka ulizibwa kwa mabati, na ufunguo wake siuchanganyi na wenzake, nauvaa shingoni. Leo asubuhi nilifungua nitoe buibui mlangoni, nikakuta sentensi ubaoni. Chaki mbichi, vumbi lake bado liko kwenye kingo:

Insha hii itahusu chumba cha saba.

Shule hii haina chaki hata kipande, walimu wanaandikia kalamu za wino kwenye mbao nyeupe. Nilizitupa zote mimi mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita. Nimefuta kwa mkono wa koti. Watoto wa siku hizi ni watundu, ingawa sijaona walipoingilia.

Mjomba wako,
Mzee wa Funguo


15 Februari

Shikamoo mjomba,

Mimi ni mzima. Mpe pole mkaza mjomba, asukutue kwa maji ya chumvi. Bibi mwambie nakula vizuri. Nusu yake ni kweli. Bwenini tumepangwa sita katika chumba cha watu wanne, na bomba la ukutani linatoa sauti kama mtu anayesafisha koo ili aseme kitu, halafu hasemi.

Mjomba, nani amekuonyesha daftari langu?

Tarehe nne, asubuhi ileile, Mkasi alituambia kila mmoja aandike sentensi itakayobeba insha yake. Niliandika: Insha hii itahusu chumba cha saba. Neno kwa neno. Hakuna aliyeiona ila yeye. Barua yako ina muhuri wa posta wa tarehe tano, na imenifikia jana.

Mkasi aliisoma akasema, "Hapo umebisha hodi tu. Tumekusikia. Sasa sema kilichokuleta." Na usinichukie, lakini ile siri yako ya kumchosha msomaji ndiyo hasa iliyonifelisha. Anachotaka ni sentensi moja, mapema, mwishoni mwa aya ya kwanza, iseme ninachoamini na ninachokwenda kukithibitisha. Anaiita hoja kuu. Aya zote zinazofuata ni watumishi wake. Aya isiyomtumikia anaikata, na jina lake alilipata hapo.

Nimeamua kuandika kuhusu kifo cha mama. Nilikuwa na miaka tisa, na ninachojua ni kile ulichonisimulia wewe. Naomba uniandikie tena kila kitu, kwa utaratibu. Insha inakusanywa tarehe 12 Juni, na nikifeli hii ndio basi, ualimu hakuna.

Jana nimeandika sentensi ya pili. Sikuandikii. Niambie wewe ubaoni kuna nini.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Jino limeng'olewa, kelele zimerudi nyumbani. Bibi yako anasema usisahau kufunga dirisha mvua ikinyesha. Mimi niko imara. Juzi fundi wa mabomba alikwama kwenye kisima cha shule, nikamtoa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili nilikuwa nimeshika redio.

Umeniomba habari za siku ile, na umeuliza mtu sahihi. Mama yako alikuwa mwalimu mwenye mtindo wake. Kila asubuhi aliandika sentensi moja ubaoni, na darasa lote lilitakiwa kuibishia kabla ya kuitwa majina. Sentensi ambayo hakuna aliyeweza kuibishia aliifuta mwenyewe, akisema imekufa. Iliyosimama baada ya kubishiwa aliipigia mstari chini. Mimi nilikuwa tarishi na mlinzi, na kusema kweli mwalimu mkuu hakuamua jambo bila kuniuliza.

Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja. Ukuta ulipolia, wa kwanza kusikia nilikuwa mimi. Niliingia. Niliupokea mhimili wa paa kwa mgongo huuhuu, na daktari mpaka leo anaita watu waje kuutazama. Wanafunzi kumi na wawili walipita chini ya kwapa langu, wawili nikawabeba. Nilipomrudia dada, mhimili ukakatika. Ndiyo hivyo. Hoja yako kuu hiyo hapo: mjomba wangu alikuwa shujaa. Nani atabisha?

Baada ya hapo nilihudhuria vikao vya wakubwa kila jioni, miaka miwili mfululizo, mambo ya shule hayo. Muulize mkaza mjomba wako, alikuwa ananuna.

Ubaoni hakuna kitu.

Mjomba wako,
Mzee wa Funguo

Nimefungua tena bahasha. Sipendi uniite mwongo. Ilisema: Mwalimu wa chumba cha saba alifariki siku ya mvua. Nilifuta siku ileile. Siogopi, ila ile herufi y yenye mkia uliorudi nyuma naijua, na wewe unaijua.


14 Machi

Shikamoo mjomba,

Ndiyo hiyo. Nilipofika pale kwenye barua yako ulipoinakili, wenzangu darasani walidhani nimepata habari ya msiba. Na mkia wa y ni wa mama. Mimi pia naandika hivyo, yeye ndiye aliyenishika mkono.

Ilibidi nimalize somo hata hivyo. Mkasi alisema ile ya pili ni habari, si hoja. Hakuna anayeweza kuikataa, kwa hiyo haina cha kuthibitisha, imekufa. Alitumia neno hilohilo, mjomba, na mama hakuwahi kumjua. Ya tatu niliandika: Uzembe unaua watu. Akacheka. Akaniambia hiyo ni bahari, na mimi nina kurasa sita tu, nichote ndoo moja. Nani alizembea? Wapi? Kwa nini? Kisha akatufundisha umbo ambalo anasema humsaidia anayeanza: "ingawa" kwa upande wa anayebisha, halafu unachodai wewe, halafu "kwa sababu". Mtu akikusoma ajue unasimama wapi na atakupiga wapi.

Nikachukua ya kwako. Ingawa ukuta ulianguka ghafla, wanafunzi walipona kwa sababu mjomba wangu aliubeba mhimili. Inabishika, ni nyembamba, ina sababu. Mkasi akauliza ushahidi.

Mjini hapa kuna fundi cherehani aliyesoma chumba cha saba. Nilimfuata dukani kwake. Alinipa kigoda, akaendelea kupinda sketi huku anaongea. Alisema mama aliwatoa nje mapema asubuhi hiyo, wote, kabla ya mvua, kabla ya chochote. Walikuwa wamekaa uwanjani na mikoba miguuni. Alisema, "Mwalimu alikuwa anasubiri jibu. Kila mara anageuka kutazama njia ya ofisi." Jibu la nini, hajui. Ukuta ulipoanguka ndani hakukuwa na mtoto hata mmoja.

Mjomba, ulimbeba nani?

Mpwa wako


20 Aprili

Shikamoo mjomba,

Wiki tano sasa. Nimemuuliza karani wa posta mpaka amenizoea. Kama unaumwa mwambie mkaza mjomba aandike mistari miwili.

Kuna kitu kimetokea maktaba, mchana, watu wamejaa. Nilikuwa nanakili maelezo ya kitabu. Nilipotazama chini mkono ulikuwa umeacha kunakili, umeandika: Ingawa ufa ni mdogo, halafu ukakwama kwenye mkato. Sijui ni ufa gani. Sijawahi kusikia habari ya ufa kwa mtu yeyote. Nikisogeza kalamu niendelee, mkono unakuwa mzito kama wa mtu mwingine.

Ubaoni kuna nini?

Mpwa wako


9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na uniwie radhi. Nilishikwa na homa ambayo ingemuua ng'ombe, halafu baiskeli ikakatika mnyororo, halafu posta walikuwa wanapaka rangi. Bibi yako anasalimia. Mkaza mjomba wako anasema nimekonda. Siyo kweli, ni suruali imepanuka.

Chumba cha saba nimekipigilia misumari, inchi nne, ishirini na sita. Siingii. Ila palipo na mabati kuna upenyo wa kidole, na mtu mwenye macho kama yangu hawezi kujizuia. Ile ya uzembe ilikuwepo siku tatu, ikafutika, na mlango umefungwa. Sasa iko hiyo ya kwako. Ufa ni mdogo, mkato, basi. Imeandikwa upande wa kushoto kabisa, kama mtu aliyeacha nafasi ya kutosha. Na chini ya mkato kuna alama ya chaki iliyogandamizwa, nukta moja, inazidi kunenepa kila siku. Kama mtu amesimama na chaki pale pale, anasubiri.

Nakushauri kama mtu aliyeona mengi. Badilisha mada. Andika juu ya posta, au juu ya usafi wa miji, au hata juu yangu, maana maisha yangu yanatosha vitabu vitatu. Na huyo fundi cherehani alikuwa mtoto. Watoto wanaona nusu.

Mama yako amelala. Muache alale.

Mjomba wako


21 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sibadilishi mada. Nilimwonyesha Mkasi nusu sentensi, nikadhani atanikata. Aliisoma mara mbili, kisha akasema, "Hii si kwamba hujui kuandika. Hii inamngoja mtu."

Zimebaki wiki tatu. Sikusudii kukulaumu kwa lolote, na mimi siyo mahakama. Nilitaka kuwa mwalimu kama yeye, na sitaki kuuanza ualimu kwa kuthibitisha kitu ambacho hakikutokea. Ukitaka kuninyamazia, ninyamazie. Lakini usinisimulie tena habari za mhimili.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu,

Leo sitaanza na kuku wala mgongo. Huyo Mkasi wenu anataka neno lije mapema, basi lije. Nimelifanyia kazi siku mbili, na mkaza mjomba wako alidhani naandika wosia:

Ingawa nimesimulia miaka kumi na moja kwamba niliokoa watu, sikumwokoa mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa na aibu ya kitu kidogo.

Inabishika. Mimi mwenyewe nimeibishia mpaka nimechoka. Sasa aya zake.

Jana asubuhi niling'oa misumari yote ishirini na sita. Bawaba hazikulia, na zinalia kila siku. Ndani kulikuwa na ubaridi wa chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi. Sentensi imekamilika. Naiandika kama ilivyo:

Ingawa ufa ni mdogo, chumba cha saba kisitumike leo, kwa sababu ukuta umeachana na paa.

Sikuwa na haja ya kuinakili. Iko kwenye bitana ya koti langu, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, mwandiko wa mama yako, na tarehe ya siku ile juu. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuiona ila yeye aliyeiandika na mimi niliyeibeba. Sijamwonyesha mke wangu. Sijamwonyesha bibi yako, na yule alimzaa. Niliisoma kwa mara ya kwanza miaka miwili baada ya mazishi. Usiniulize kwa nini miaka miwili, nafika.

Kwenye kingo ya ubao kuna boksi. Kona moja imebonyea, pale lilipodondoka mbele ya ofisi nilipokuwa nakimbia. Boksi hilo nililitupa kwenye shimo la choo cha walimu siku ya mazishi, na shimo lile lilishafukiwa. Liko pale, mpwa wangu. Limefunguliwa, na ndani kumepungua kijiti kimoja. Sikuligusa. Nilipogeuka nitoke, nilisikia nyuma yangu sauti ninayoijua, ile ya mstari unaopigwa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Sikutazama. Sijisifu safari hii, nilikimbia.

Sasa siku yenyewe. Dada aliwatoa watoto uwanjani, kama fundi cherehani wako alivyosema. Mimi nilikuwa napita na ndoo. Akanipa karatasi mkononi, akasema, "Isome ukiwa njiani, mdogo wangu, utaona haraka yake. Mpe mwalimu mkuu, uniletee jibu." Alikuwa na kawaida ya kunipa vikaratasi, karibu kila wiki, na vyote vilikuwa vya kuomba kitu kilekile stoo. Niliikunjua hii mbele yake. Niliitazama juu mpaka chini, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nikamwambia nimeona.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa wazi na mwenyewe alikuwa ndani, namwona anachonga penseli. Nilipita mlango wake. Nilikwenda stoo, nikachukua nilichochukua, nikatia karatasi mfukoni, nikarudi mbio nikijiona mtu wa maana.

Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Dada alitazama nilichoshika. Kisha akanitazama usoni, na nikaona amejua. Ameishi na mimi miaka yote, nimemdanganya miaka yote, akajua pale. Hakunicheka, hakuniuliza kitu mbele ya watoto. Alisema, "Asante. Waangalie hawa. Ngoja nitoe madaftari yao yasilowe, halafu nitakwenda ofisini mwenyewe." Akalichukua boksi, akaniwekea tena mkononi, akaufunga mkono wangu juu yake kwa mikono yake miwili. Akaingia.

Ukuta haukulia. Ulikaa chini tu, kama mtu mzima anayekaa.

Karatasi nimeiambatisha humu, ushahidi wako. Mpe Mkasi aishike mwenyewe. Sentensi ni ya mama yako lakini nadhani anataka uithibitishe wewe. Na kama baada ya hii hutaki kuniita mjomba, niite mlinzi, nitaitika.

Imebaki ile aibu, na nimeizungusha mpaka hapa kwa mazoea. Vile vikao vya wakubwa vya kila jioni vilikuwa darasa la watu wazima, nyuma ya soko, na nilikaa mbele na watu wenye mvi nikisoma a, e, i, o, u, ili siku moja nijue ile karatasi ilisema nini. La saba sikumaliza. Nilitoka la pili. Siku ile, mpwa wangu, nilikuwa sijui kusoma. Nilidhani anaomba chaki.